Goma: Miaka mitano ya kupasua chini ya macho ya mkubwa, ndipo mganga anaitwa felo

Kidonda cha risasi hakishonwi siku ya kwanza. Ni moja ya mambo ambayo daktari kijana anayeanza kazi ya upasuaji katika mji wa Goma anajifunza mapema, na ni jambo gumu kulikubali. Miaka yote ya chuo kikuu mkono wake ulizoezwa kufunga: mtu amekatwa na panga, unasafisha, unashona, unamrudisha nyumbani. Sasa mkubwa wake anayesimama upande wa pili wa meza anamwambia aache kidonda wazi. Akioshe kwa maji mengi, aondoe nyama yote iliyokufa, akifunike kwa gazi, na arudi kukifunga baada ya siku nne au tano. Akishona leo, uchafu ulioingia pamoja na risasi, vipande vya suruali, udongo, hata majani, utabaki ndani na kuoza. Mguu ambao ungepona utakatwa.

Ni nyama ipi imekufa, ipi ingali hai? Vitabu vinataja alama nne: rangi yake, ugumu wake mkononi, kama inashtuka ikibanwa kwa koleo, na kama inatoa damu ikikatwa. Alama hizo zinasomwa kwa dakika mbili. Lakini kuzitambua saa nane za usiku, umeme ukiwa umekatika na jenereta ikikohoa, mgonjwa wa tatu akingoja kwenye korido, hilo linataka mwaka mzima wa kusimama kando ya mtu aliyeliona mara mia. Ndiyo maana kazi ya upasuaji, hata leo, inafundishwa namna ile ile ambayo fundi seremala wa Birere anamfundisha kijana wake kutengeneza chukudu: kwanza tazama, kisha shika hapa, kisha fanya nikikutazama, mwishoni fanya peke yako.

Tofauti ni kwamba kwa mpasuaji kuna daftari, kuna mtihani, na mwishoni kuna cheo. Wakaaji wengi wa Goma hawajawahi kukisikia cheo hicho, kwa sababu kwao kila mwenye koti nyeupe ni "docta", awe muuguzi, stajere au profesa. Kinaitwa "felo", yaani mshiriki kamili wa chuo cha wapasuaji. Kukipata kunaweza kumchukua mtu miaka kumi na mitano tangu alipomaliza shule ya sekondari. Na kwa mji kama Goma, ambao tangu miaka thelathini umepokea majeruhi kutoka Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Walikale, swali la ni nani anafika huko, na ni nani anaishia njiani, ni swali la miguu na mikono ya watu.

Tuhesabu kidogo. Kijana akishapata diploma ya Serikali anaingia kitivo cha tiba, iwe UNIGOM hapa Goma, iwe Université Catholique du Graben kule Butembo, iwe vyuo vya Bukavu, Kisangani, Lubumbashi ao Kinshasa. Kwa mpango wa zamani aliobeba mzee wake begani, hiyo ni miaka karibu saba, mwaka wa mwisho ukiwa wa staji hospitalini. Akitoka anaandikishwa kwenye Ordre ya waganga, na kuanzia siku hiyo ni mganga wa magonjwa yote. Kisheria anaweza kutumwa kwenye hospitali ya zone ya afya ambako hakuna mpasuaji mwingine. Hapo atapasua mama aliyeshindwa kuzaa, atatoa utumbo uliojifunga, ataweka sawa mfupa uliovunjika, apende asipende. Wengi wanafanya kazi hiyo kwa ujasiri mkubwa, na maelfu ya watu wa vijijini wako hai kwa ajili yao. Lakini kuna mahali wanapofika na kusimama. Mfupa wa paja uliopasuka vipande vitano, mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, mshipa wa damu uliokatwa nyuma ya goti: hayo yanahitaji mtu aliyesomea zaidi.

Njia ya kawaida ya kusomea zaidi katika Kongo ni kwenda kwenye kliniki za vyuo vikuu vikubwa, na kwa wengi hiyo ilimaanisha Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani. Kutoka Goma hakuna barabara ya kufika Kinshasa. Ni ndege, na tikiti peke yake inaweza kula mishahara ya miezi kadhaa. Kisha ni miaka minne, mitano ya kuishi mbali na familia, mara nyingi kwa malipo madogo sana, kwa sababu asistanti anahesabiwa nusu mwanafunzi nusu mfanyakazi. Aliyevumilia yote hayo akapata diploma ya bingwa, akapangisha nyumba, watoto wakaanza shule Kinshasa, atarudi Goma kufanya nini? Wapo waliorudi. Wengi hawakurudi, na ni vigumu kuwalaumu.

Njia ya pili ilikuja kutoka mashariki.

Kunako mwaka wa 1999, wapasuaji wa nchi kadhaa za ukanda huu walianzisha Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kinachojulikana kwa herufi COSECSA. Makao yake ni Arusha, Tanzania. Lakini mtu akienda Arusha kutafuta madarasa, mabweni na uwanja wa mpira wa wanafunzi, hatayaona. Wenyewe wanakiita chuo kisicho na kuta. Wazo lao lilikuwa rahisi: badala ya kumtoa mganga hospitalini kwake kumpeleka chuoni, chuo kinakwenda kukagua hospitali yenyewe. Kama ina wagonjwa wa kutosha, vyumba vya upasuaji vinavyofanya kazi, na zaidi ya yote, mpasuaji bingwa wa kumsimamia kijana, basi inakubaliwa kuwa mahali pa mafunzo. Kijana anabaki pale pale, analala kwake, anatibu watu wa kwake. Masomo ya kusoma anayapata kwa intaneti, kwa msaada wa chuo cha kifalme cha wapasuaji cha Ireland ambacho kimeshirikiana na COSECSA tangu 2007.

Ngazi ni mbili. Ya kwanza ni ya uanachama: miaka miwili ya misingi, ambamo mwanafunzi anazunguka katika upasuaji wa tumbo, wa mifupa, wa ajali. Ya pili ndiyo ya ufelo: miaka mitatu zaidi, katika tawi alilochagua. Anaweza kuchagua upasuaji wa jumla, mifupa, watoto, njia ya mkojo, ubongo na uti wa mgongo, ao mengine. Jumla miaka mitano. Kila ngazi inafungwa kwa mtihani wa kuandika, na anayefaulu kuandika anaitwa kwenye mtihani wa mdomo na wa wagonjwa, mbele ya wapasuaji wakubwa waliotoka nchi mbalimbali. Mtihani huo unafanyika mwishoni mwa mwaka, na mji unabadilika mwaka hadi mwaka. Waliofaulu wanavikwa majoho katika mkutano ule ule, na kuanzia hapo wanaweza kuandika herufi FCS nyuma ya jina lao.

Neno lenyewe, felo, ni la zamani. Wapasuaji wa Uingereza walianza kulitumia mwaka wa 1843, chuo chao cha London kilipopewa ruhusa ya kifalme kuwatenga wale waliofika daraja la juu. Mia tatu ndio waliopewa cheo hicho mara ya kwanza. Toka hapo vyama vingi vya waganga duniani vimeiga, kila kimoja na masharti yake.

Hapa inafaa kuondoa mkanganyiko mmoja, kwa sababu mjini Goma maneno mawili yanayofanana yanachanganywa kila siku: ortopedia na ostiopatia. Ortopedia ni upasuaji na matibabu ya mifupa na viungo. Ostiopatia ni kitu kingine. Ilianzishwa Marekani na mganga Andrew Taylor Still, aliyepoteza watoto watatu kwa ugonjwa wa uti wa mgongo mwaka wa 1864 na kukosa imani na dawa za wakati wake. Mwaka wa 1874 alitangaza njia yake mpya, ya kutumia mikono kuchunguza na kutengeneza mwili, na mwaka wa 1892 alifungua shule ya kwanza katika mji mdogo wa Kirksville, jimbo la Missouri. Leo huko Marekani daktari wa ostiopatia ni daktari kamili, anaandika dawa na anapasua kama wenzake. Nao pia wana mafelo wao: chama chao cha ostiopatia, kilichoanzishwa 1937, kinamdai mtu andiko la utafiti na mtihani wa mikono kabla ya kumpa cheo hicho. Katika Ulaya, lakini, ostiopata kwa kawaida si daktari, ni mtu aliyesomea kukanda na kunyoosha viungo tu. Kwa hiyo mgonjwa wa Goma akiona neno hilo kwenye kibao, ana haki ya kuuliza: umesomea wapi, na umesomea nini?

Na kando ya wote hao kuna waunga mifupa wa vijijini, wazee na mama wanaofunga mguu kwa vijiti na majani. Wakubwa wa hospitali hawapendi kuwazungumzia vizuri, lakini ukweli ni kwamba mivunjiko midogo, ambayo ngozi haikupasuka, mara nyingi inapona mikononi mwao, kwa sababu mfupa wa mtu unajiunga wenyewe ukitulizwa. Hatari inakuja pale kamba inapokazwa mno hadi damu inashindwa kupita, ao pale mfupa umetoka nje ya ngozi. Mfupa uliotoka nje unataka dawa ya kuua vijidudu haraka, katika saa za kwanza kabisa, na unataka kuoshwa katika chumba cha upasuaji. Hapo vijiti na majani havisaidii.

Si kwa bahati kwamba wataalamu wa dunia waliokutana katika tume ya jarida la Lancet mwaka wa 2015 walitaja mvunjiko wa wazi kuwa moja ya vipimo vitatu vya hospitali. Walisema hivi: kama hospitali inaweza kumpasua mama asiyeweza kuzaa, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliotoka nje, basi inaweza kufanya sehemu kubwa ya upasuaji ambao watu wanahitaji. Tume hiyo hiyo ilihesabu kwamba watu bilioni tano duniani hawapati upasuaji salama wanapouhitaji. Ikaweka shabaha: mabingwa 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100.000.

Weka hesabu hiyo juu ya Goma. Mji unakadiriwa kuwa na watu karibu milioni mbili. Ingehitaji mabingwa 400. Msomaji anayefahamu hospitali za mji huu anaweza kujaza mwenyewe kilichobaki. Hata nchi jirani zilizoanza zamani ziko mbali: uchunguzi uliofanywa katika nchi kumi za COSECSA, na ambao ulitolewa mwaka wa 2016, ulikuta wapasuaji 1.690 tu, yaani nusu ya mpasuaji mmoja kwa kila watu 100.000. Rwanda na Burundi zilihesabiwa katika kundi hilo. Kongo haikuwa ndani.

Lakini hadithi ya kufundisha waganga hapa hapa Goma haikungoja hesabu za Lancet. Kabla Nyiragongo haujalipuka mwaka wa 2002, mpasuaji wa mifupa Jo Lusi na mke wake Lyn, mzaliwa wa Uingereza, walikuwa wamekwisha kuanzisha kazi iliyoitwa DOCS. Wakati huo Lusi alikuwa karibu peke yake kama bingwa wa mifupa katika mashariki yote ya nchi. Mtu mmoja hawezi kupasua jimbo zima, hata asipolala. Kwa hiyo shabaha yao tangu mwanzo haikuwa tu kutibu, ilikuwa kuwapa waganga vijana wa Kongo mahali pa kujifunzia bila kuhama.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 lava ilishuka, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na hospitali ya DOCS ikawa chini ya mawe meusi pamoja na nyumba za maelfu ya wakaaji. Ikajengwa upya juu ya lava ile ile. Leo inaitwa HEAL Africa. Wengi wanaijua kwa ajili ya mama waliotendewa ubaya wa vita na waliotibiwa fistula, na ni haki, kwa maana kazi hiyo ndiyo iliyompatia Lyn Lusi tuzo ya Opus mwaka wa 2011, ya dola milioni moja, miezi michache kabla hajafariki, mwezi wa tatu 2012. Yasiyojulikana sana ni yale ya korido za nyuma: vijana wenye kalamu mfukoni, wanaozunguka vitanda asubuhi na mapema nyuma ya mkubwa mmoja, wakiulizwa maswali mbele ya mgonjwa. HEAL Africa ni kati ya mahali ambako waganga wa Goma wamejifunza upasuaji kwa njia ile ya chuo kisicho na kuta.

Kusini mwa ziwa, Bukavu inatoa mfano mwingine wa jambo hili hili. Denis Mukwege alisomea tiba Bujumbura, akafanya kazi Lemera, akaona mama wanakufa kwa kuzaa, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Mwaka wa 1989 akarudi Lemera. Angeweza kubaki Ufaransa. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa mwezi wa kumi 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa, na miaka mitatu baadaye akaanzisha Panzi. Dunia ilimpa Nobeli mwaka wa 2018. Lakini ukiuliza Panzi imedumu kwa sababu gani, jibu moja ni kwamba hakupasua peke yake. Alifundisha wengine, na hao wakafundisha wengine.

Swali la kurudi ao kubaki lina tarakimu zake. Mwaka wa 2017 watafiti walifuatilia zaidi ya wapasuaji elfu moja waliofundishwa katika ukanda wa COSECSA tangu 1974. Walikuta kwamba 85 kwa mia walikuwa wangali wanafanya kazi katika nchi ile ile waliyofundishwa, na zaidi ya 93 kwa mia walikuwa Afrika. Aliyefundishwa nyumbani anabaki nyumbani. Haina siri kubwa: miaka mitano ya mafunzo ndiyo miaka ambamo mtu anaoa ao anaolewa, ananunua kiwanja, anajenga. Akijenga Himbi, atakaa Himbi.

Kwa Mkongomani, hata hivyo, njia hii ya mashariki ina mawe yake.

Jiwe la kwanza ni lugha. Mganga wetu amesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Anatibu kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa Kinande, Kihunde ao Kinyarwanda. Mtihani wa COSECSA ni wa Kiingereza. Si Kiingereza cha kuomba chakula hotelini, ni cha kueleza mbele ya wazee watatu kwa nini ulichagua kuweka chuma cha nje kwenye mfupa badala ya kuupigia msumari wa ndani, na wazee hao wanakukatiza kila sentensi. Kuna waliojua upasuaji vizuri wakaangushwa na ulimi. Warundi na Wanyarwanda walilipita jiwe hilo hilo mbele yetu, lakini kwa Wanyarwanda shule na serikali zilikwisha kugeuka upande wa Kiingereza. Hapa asistanti anajifunza peke yake, usiku, kwa simu.

Jiwe la pili ni pesa: kujiandikisha, mtihani, safari, vyote kwa dola. Jiwe la tatu ni karatasi. Felo si diploma ya chuo kikuu, na mfumo wa Kongo umezoea diploma za vyuo vikuu. Mwenye cheo cha nje anapaswa kutafuta ekivalansi kwenye wizara ya elimu ya juu, na anayetaka kufundisha chuoni ataulizwa karatasi nyingine tena. Mgonjwa hajali herufi hizo, lakini mshahara na nafasi ya kazi vinazijali. Ni jambo ambalo wizara na Ordre wangeweza kulinyoosha kwa kikao kimoja kizuri, kama wangetaka.

Kisha kuna vita. Watu wa mbali wanadhani kwamba vita, kwa ubaya wake wote, angalau inawapa wapasuaji vijana "mazoezi". Ni nusu ya ukweli, tena nusu mbaya. Tazama yaliyotokea mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, mapigano yalipoingia Goma na mji ukaangukia mikononi mwa AFC/M23. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako timu ya wapasuaji ya Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, inafanya kazi pamoja na Wakongomani tangu 2012, ilipokea majeruhi kwa mamia. Wagonjwa walilala chini, kwenye korido, katika mahema. Katika siku kama hizo hakuna mwalimu wala mwanafunzi. Kila mwenye mikono anapasua. Mkubwa anachagua nani aingie kwanza na nani angoje, na hana nafasi ya kusimama nyuma ya kijana kumwambia "hapana, kata mbele kidogo". Kijana anaona vidonda mia, lakini hakuna anayemsahihisha. Kuona tu si kufundishwa.

Baada ya hapo uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafunga milango. Mtahiniwa wa Goma anayeitwa kwenye mtihani wa mdomo anapaswa kuvuka Bariere Kubwa kwenda Gisenyi, kupanda basi hadi Kigali, ndipo atafute ndege. Pesa za kujiandikisha, ambazo kabla zilipita benki, zinatafutiwa njia kwa wakala wa simu ao kwa ndugu aliye nje. Wakufunzi wa kigeni waliokuwa wakija kwa juma mbili kufundisha, wengi hawaji. Na kila mkubwa anayeondoka mji kwa hofu, kwa haki yake, anaacha nyuma yake vijana wawili watatu wasio na wa kutia saini daftari zao. Chuo kisicho na kuta kinaanguka kwa namna hiyo: si kwa bomu juu ya jengo, ni kwa kukosa mtu mmoja upande wa pili wa meza.

Upungufu mkubwa wa Goma basi si vijana wanaotaka. Vitivo vinatoa madaktari kila mwaka, na wengine wanazunguka mjini bila kazi, wakiuza dawa ao wakingojea mradi wa shirika fulani. Upungufu ni wa wale wa kuwasimamia. Felo mmoja anayebaki anaweza kuwasimamia vijana kadhaa kwa wakati mmoja. Felo mmoja anayeondoka anawavunjia wote safari.

Kazi ya mikono ya mpasuaji inaonekana vizuri zaidi mahali pengine, mbali na chumba cha upasuaji. Katika kituo cha Shirika la Umoja, hapa Goma, ambacho kinasaidiwa na CICR, mafundi wanatengeneza miguu ya bandia na wakine wanawafundisha watu kutembea upya. Fundi akishika kigutu cha mgonjwa anajua mara moja kama mguu ulikatwa na mtu aliyesomea. Mfupa umelainishwa nchani na kufunikwa kwa nyama, ama umeachwa mkali, unachoma ngozi kila hatua? Mshipa wa fahamu ulikatwa juu, mahali pasipoguswa, ama umebaki nchani, na mgonjwa analia mguu wa bandia ukimgusa? Kigutu kibaya hakivai mguu. Mtu huyo anarudi mezani kupasuliwa mara ya pili, kwa sababu ya nusu saa iliyokosekana mara ya kwanza.

Kwa watoto ni vigumu zaidi. Mfupa wa mtoto uliokatwa katikati unaendelea kukua kuliko nyama inayoufunika, na baada ya mwaka ao miwili unaweza kutoboa ngozi. Itabidi kukatwa tena. Na mguu wake wa bandia, ambao mtu mzima angekaa nao miaka mitatu ao zaidi, kwake unabadilishwa karibu kila miezi sita. Mtoto aliyepoteza mguu akiwa na miaka saba atakuwa mgonjwa wa mpasuaji na wa fundi mpaka atakapoacha kukua. Anahitaji bingwa atakayekuwepo Goma miaka kumi na moja, si juma mbili.

Turudi basi kwenye daftari. Siku hizi si la karatasi, liko kwenye intaneti, na asistanti wengi wanalijaza usiku neti inapokuwa nyepesi. Kila mgonjwa aliyepasuliwa ana mstari wake: tarehe, ugonjwa, aina ya upasuaji, na yaliyompata baadaye, mazuri na mabaya. Halafu inabidi mwanafunzi aseme ukweli juu ya nafasi yake pale mezani. Alisaidia tu, akishika koleo? Alipasua mwenyewe, mkubwa akiwa amevaa glovu kando yake? Alipasua peke yake, mkubwa akiwa ofisini? Mwaka wa kwanza, karibu mistari yote ni ya kusaidia. Mwaka wa tatu, ya katikati inaongezeka. Mwaka wa tano, anayesoma daftari lake anatafuta kitu kimoja zaidi: mistari ile, mara nyingi michache, ambamo asistanti aliandika kwamba kisu kilikuwa mkononi mwa mdogo wake, na yeye ndiye aliyesimama upande wa pili, akimwambia aache kidonda wazi.